Mvuvi wa Chini ya Nyumba

Mama Mushiya alikuwa akiosha sahani za asubuhi kamba ilipotikisika. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasogeza kiti, akainua ubao wa mlango uliolazwa sakafuni kati ya kabati na televisheni, kisha akaanza kuvuta. Ndoo ilikuja nzito. Ndani mlikuwa na kambale na tilapia, bado wanapiga mikia. Aliwamwaga kwenye beseni, akaweka ndooni ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaishusha polepole ili isigonge ukuta wa shimo.

“Aksanti, mama,” Beya alisema kutoka chini.

“Kula ingali moto.”

Kule Kasulo, mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi, nyumba nyingi zilikuwa na shimo la namna hiyo. Lile la Mama Mushiya alilichimba Beya, mwanawe, mahali palipokuwa na kiti cha marehemu baba yake. Alitoa mawe meusi yenye madini ya cobalt kwa magunia, akayauza, akanunua televisheni, akapaka nyumba rangi. Katika mvua za mwaka uliopita njia ya chini ikaanguka naye akiwa ndani. Wenzake walichimba kwa mikono mpaka maji yakawafukuza.

Mama Mushiya alikwenda kwenye ofisi ya madini kuomba kamba ndefu na watu wa kushuka. Karani mmoja alimpa kiti, akamweleza kwa upole kwamba kuchimba katika mtaa ule kulikatazwa, kwa hiyo kwa sheria hakukuwa na mtu mule chini. Mama akauliza, basi ni nani anayemwita kila asubuhi. Karani akasema hawezi kujibu juu ya mtu ambaye hayuko.

Alirudi nyumbani. Katika ukoo wao matanga hayamalizwi kabla ya kuzika, na yeye hakuwa na kitu cha kuzika. Aliendelea kulala kwenye godoro la chini, na kitenge cheusi hakukivua. Kostimu ya Beya, suti ya kumzikia, aliipiga pasi, akaitundika kwenye msumari.

Samaki walianza kuja shimo lilipojaa maji. Beya ndiye aliyeeleza sababu. Alisema mtoni, chini ya kiwanda, maji yamegeuka rangi, yanawachoma samaki macho, nao wamepata njia ya kupita chini ya ardhi. Mama Mushiya aliona ni sawa. Kila mtu alijua Kasulo imeunganika kwa chini. Mtu aliweza kuingia shimo la kwake akatokea jikoni kwa jirani.

Jirani wa upande wa barabara, Mama Odile, ndiye aliyepeleka samaki sokoni. Kila alipokuja kuchukua beseni alisimama kwanza juu ya shimo.

“Beya, ulipokuwa muzima hukuletea mama yako hata kichwa ya samaki. Sasa uko chini njo unajua kutunza muzazi.”

“Mama Odile, minakusikia.”

“Sikia muzuri. Utume bakubwa. Hawa ba jana balikuwa kama vidole.”

“Badogo nabaachia bakomae.”

“Ona huyu. Amekuwa serikali.”

Kisha redio ikatangaza kwamba uvuvi umefungwa mpaka mwezi wa tatu, ili samaki wapate kuzaa. Mama Mushiya alisikia tangazo, akazima redio, akashusha bukari kama kawaida. Harufu ya samaki wabichi ilipita mtaani wakati masoko yote yalikuwa na samaki wa friji tu, wale wanaotoka baharini mbali. Haikupita wiki, Tata Banza akabisha hodi.

Tata Banza alikuwa wa ofisi ya samaki, mtu wa makamo, mwenye asili ya kaskazini, mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni. Alipoketi alieleza kwamba jambo hili si la Kolwezi peke yake. Dunia nzima serikali zinawaandama wezi wa samaki. Kuna meli zinazofukuza meli baharini, kuna ndege zinazopiga picha kutoka juu, wakubwa wa nchi nyingi wamekaa meza moja kwa ajili hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo Lubumbashi, wakapewa kofia. Kolwezi haiwezi kubaki nyuma. Mama Mushiya alisema ni kweli, samaki wanahitaji kupumzika. Akamletea maji ya kunywa.

Tata Banza akanywa, akaangalia beseni, akauliza nani anavua.

Mama Mushiya alipokea kikombe kitupu. Tangu Beya afukiwe hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuuliza nani yuko chini. Huyu alikuwa wa kwanza. Na mtu akishikwa na kosa, serikali humtoa alipo, ikampeleka mbele ya watu.

“Ni mutoto yangu,” alisema. “Anaitwa Beya. Eko humu ndani. Anavua kila siku, hata siku ya Mungu. Mumukamate.”

Mama Odile alikuwa mlangoni. “Unamushitaki mutoto yako?”

“Namushitaki.”

Tata Banza alipiga magoti kando ya shimo. “Wee wa chini, ni wewe unavua?”

“Jambo, tata. Ni mi.”

“Unavua na wavu gani?”

“Na mikono, tata.”

“Hata mikono imefungwa, mpaka mwezi wa tatu.”

Beya alikuwa ameelewa, alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu utoto.

“Eyo, tata. Mi niko mukosaji. Mukuye munikamate.”

Tata Banza alisema amekubali vizuri, na kwamba atarudi na vyombo. Mama Mushiya akapiga kostimu pasi upya. Aliwaarifu wamama wa kwaya ya parokia, akamtuma mjomba wa Beya makaburini aanze kuchimba kaburi. Siku gari la serikali lilipofika, wamama walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, na sufuria ya wali ilikuwa motoni.

Gari lilileta mashine ya kuvuta maji, mipira mirefu, kamba, ngazi za chuma, taa kubwa, matangi ya kubebea samaki, yenye hewa inayotoa mapovu, na daktari wa wanyama. Mtaa ule haukuwahi kuona vyombo vingi vya serikali mahali pamoja. Mama Mushiya alizitazama kamba. Yeye alikuwa ameomba moja tu.

Mashine ilivuta asubuhi yote. Maji yaliposhuka, mama aliinama kwenye mwanga wa taa akamwona mwanawe. Alikuwa amesimama kwenye matope, mkono mmoja juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Amekonda. Begani alikuwa na ukungu wa kijani. Mguu wake mmoja ulikuwa chini ya jiwe.

“Mama,” alisema, “umezeeka.”

“Ni hii mwaka,” mama akajibu.

Mtu mmoja wa gari alishuka kwa ngazi na kusimama karibu na Beya. Beya alimpa samaki mmoja mmoja, akiwashika chini ya tumbo kama daktari alivyoelekeza, na yule akawapandisha. Daktari alisema ni wavuvi wachache wanaojua kumshika samaki vile bila kumvunja magamba. Wamama wa kwaya walipisha njia kila tangi lilipopita kwenda kwenye gari.

Samaki wa mwisho alipotoka, yule mtu naye akapanda, ngazi ikavutwa. Mama Mushiya alikuja na kostimu mkononi.

“Sasa yeye.”

Tata Banza alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo. Alieleza kwamba samaki wote watarudishwa mtoni wakiwa wazima, kwa hiyo hakuna kilichoibwa.

“Bila samaki kosa haiko, mama. Na bila kosa, sina muntu wa kukamata.”

“Lakini amekubali.”

“Amekubali muzuri. Ofisi inamushukuru.”

“Ni jiwe moja tu, tata. Bantu yako beko hapa, nguvu beko nayo.”

“Ile jiwe iko na cobalt. Tukiinyanyua, tumechimba, na hapa kuchimba kumekatazwa. Mi niko wa samaki.”

Kutoka chini Beya aliuliza kama wanakuja.

“Ngoja,” mama alisema.

Mashine ilizimwa. Maji yalianza kurudi, yakafika kwenye mkanda wa Beya, naye akakunja mikono kifuani kama mtu anayengoja zamu yake. Wafanyakazi walifunga shimo kwa zege, ili mtu asivue tena. Waliacha bomba moja lenye upana wa ngumi, ili ofisi ipate kupima kama samaki wamerudi. Wamama wa kwaya, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuja, waliimba wimbo mmoja, wakala wali, wakaaga. Mjomba alirudi makaburini kufukia.

Gari halikuweza kufika mbali kwa sababu ya matope. Samaki walimwagwa penye daraja, chini ya kiwanda. Kesho yake Mama Odile alipita pale akawaona wamelala juu ya maji, matumbo meupe, toka darajani mpaka kwenye kona. Aliyasimulia hayo akichagua maharagwe. Hakuna ofisi iliyokwenda kuuliza, maana hakuna mtu aliyewavua.

Uvuvi ulifunguliwa. Mama Mushiya alizoea kukata bukari vidonge vidogo vinavyopita kwenye bomba. Mchana mmoja alikuwa amechuchumaa pale, akidondosha kidonge baada ya kidonge, Beya aliposema:

“Mama, banarudia.”

“Nani?”

“Samaki. Beko mingi kupita bale ba kwanza.”

Mama Mushiya alitazama kalenda ya parokia ukutani. Ulikuwa mwezi wa tano. Wakati huo mtu yeyote aliruhusiwa kuvua, na hakuna aliyekamatwa. Aliinuka, akaitoa kostimu kwenye msumari, kwa sababu ilikuwa imeanza kushika ukungu, akaianika uani. Aliporudi aliinama juu ya bomba.

“Usibavue sasa. Ubachunge. Ngoja bafunge uvuvi tena, njo nitakushitaki.”

“Eyo, mama.”

Alidondosha vidonge vilivyobaki, akasuuza bakuli. Kisha akatoka kuigeuza kostimu, ili upande wa pili nao upate jua.