Miche Iliyong'olewa Jana

Kosa la Mbuke lilikuwa kung'oa miche yote jana jioni. Angeng'oa nusu, nyingine ingebaki salama kitaluni. Lakini zamu ilikuwa yake, na wanawake wanane wa kikundi chao hapa Katindiuka hawajawahi kukosa zamu ya mtu. Mashamba saba ameshapandikiza nao mpunga, mwanawe Minza mgongoni, matope mpaka magotini. Leo ni la nane, lake.

Alipika wali sufuria kubwa na perege wa kukaanga, akafika shambani umande haujakauka. Saa mbili. Saa tatu. Saa nne Paskazia, mmoja wa wale wanane, akapita kwenye tuta, hata kusimama vizuri hakusimama.

"Mama Minza, usitungoje. Ng'ombe walioingia shambani kwa mwenzetu Margareta juzi wamelaza mpunga wote wa upande wa mtoni. Watu wana hasira."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Wasukuma, wa nani tena?"

"Dada Paskazia, mimi nimezaliwa hapahapa Katindiuka. Kwangu hata mbuzi hakuna, unajua."

"Mimi najua," akasema Paskazia, macho kule aendako. "Ila mimi ni mmoja."

Jana asubuhi mgambo walipita kuulizia ng'ombe hao. Mtaa mzima walibisha mlango mmoja tu, wake. Zizi liko wapi? Akawaonyesha banda la kuku. Alidhani yameishia hapo.

Akaingia jarubani peke yake. Minza, chini ya mwavuli pale tutani, alipolia, Mbuke alimbembeleza kwa Kisukuma, kisha akajishtukia anapunguza sauti. Na shamba zima halikuwa na mtu wa kumsikia.

Mpaka saa tisa alikuwa amepanda kona moja tu. Miche iliyobaki ilianza kulegea. Kesho kutwa itakuwa ya kutupa. Akamfunga mtoto mgongoni, akajitwika mafungu sita, akaenda kwa Margareta. Alimkuta ameinama, anang'oa mpunga uliokanyagwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea miche ya kuzibia mapengo. Peke yangu siimalizi."

Margareta akanyoosha mgongo. "Marahaba. Kwa hiyo unakubali ni nyie."

Mbuke angeweza kuyatua mafungu pale akaondoka, mambo yakaisha, na Minza akakua mtoto wa watu waliosamehewa kosa wasilolifanya.

"Basi nairudisha, mama."

Akageuka nayo kichwani. Hakulia njiani. Alilia alipofika, akiwa ameinama, mikono haisimami, maana machozi hayazuii kupandikiza.

Jua lilikuwa limeinamia milima ya Udzungwa aliposikia maji yakichapwa nyuma yake. Margareta alikuwa ameshaingia jarubani, kanga ameifunga juu ya magoti, fungu la miche mkononi.

"Ulipanda kwangu siku nzima," akasema. "Nalipa siku yako. Usinisemeshe."

Akaenda kuanzia kona ya mbali kabisa.

Sufuria ya wali ilikuwa bado imefunikwa pale tutani. Mbuke akaitazama mara moja, akainama tena. Kati yao palikuwa na maji matupu, mapana. Kupandikiza ni kwenda kinyumenyume, kwa hiyo hawakuonana nyuso. Ilikuwa migongo tu, ikikaribiana polepole.