Supu ya Mama Léontine

Asubuhi moja ya Juni, Ghislaine Pouliot alifungua mwavuli wake mwekundu mbele ya kanisa, akawahesabu watalii wake, akakuta kichwa kimoja kimezidi. Cha ziada kilikuwa cha Mama Léontine, jirani yake wa ghorofa ya chini, aliyefariki mwaka ule barafu ilipovunja paa la duka la mikate. Alikuwa na aproni yake na ndara za ndani.

"Mama, na wewe umekuwa mtalii?"

"Nifanyeje, mwanangu? Siku hizi milango yote ya mtaa inafunguka kwa namba. Marehemu nani atampa namba?"

Kweli, nani? Nyumba za ule mtaa wa mawe, chini ya ngome, zilikuwa zimegeuzwa moja moja kuwa za wageni wa siku tatu, na wenyewe wamehamia ng'ambo ya mto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Basi hawakufika Quebec. Mwenyeji aliyebaki alikuwa Ghislaine peke yake, juu ya lililokuwa jiko la Mama Léontine. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe mosi Julai, siku ambayo jimbo zima huhama kwa pamoja, kila mtu na friji yake. Réjean, mwenye nyumba, alikuwa hajasema kama atauongeza, na Ghislaine alikuwa hapati usingizi.

Wakaanza safari. Ghislaine alieleza habari za mizinga na magavana; Mama Léontine alieleza nani alimchukulia nani mume. Kufika kona ya pili, watalii wote walikuwa upande wa marehemu.

"Mbona sisi ndio tumepanga humu," alisema Odile, mtalii kutoka Lyon, walipofika kwenye iliyokuwa nyumba ya Mama Léontine, akabonyeza namba za mlango. "Karibu kwako, Mama."

Mama Léontine alisimama kizingitini akawaangalia miguu.

"Viatu," alisema.

Wakavua wote. Akaingia, akatafuta sufuria, akabandika supu ya njegere za njano na mguu wa nguruwe, huku akilalamika kwamba wamemhamishia chumvi.

Kabla ya adhuhuri Réjean alitokea. Harufu ilikuwa imemfuata mpaka ofisini. Alikulia kwenye jiko lile, enzi mama yake akishinda kwenye kazi ya dobi, na alipoonja kijiko cha kwanza alilia waziwazi. Watu wakamwacha alie. Ghislaine alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi akapata matumaini.

"Réjean," alisema Mama Léontine, "mwache binti huyu akae juu. Nyumba haina raha bila mtu wa kumgongea dari."

Réjean alijifuta machozi. "Wewe kaa, Mama. Kaa milele. Wageni wamekupenda. Ila kule juu nimeshapangisha wageni wa Julai yote."

"Mimi nimekufa, yeye yu hai. Kati yetu nani anahitaji kitanda?"

"Ndiyo maana, Mama. Wewe hulali."

"Kwa hiyo nife kwanza?" aliuliza Ghislaine.

"Acha uchuro, dada," alisema Réjean kwa upole, na akasogeza bakuli aongezewe.

Ghislaine alikasirika. Lakini supu ilikuwa tamu, akala.

Tarehe mosi marafiki zake waliteremsha friji kwenye ngazi nyembamba kwa ujira wa kawaida wa siku ile, yaani bia na piza. Mama Léontine aliwashikia mlango. Namba alikuwa ameshazijua. Akampa Ghislaine sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Sufuria urudishe," alisema.

Kesho yake Ghislaine alivuka na kivuko kutoka ng'ambo ya mto, alikohamia, mwavuli mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Alipofika na watalii wake mbele ya nyumba, alisimama kama anavyosimama kila siku.

"Chini hapa anaishi Mama Léontine, mtamwona. Na nyuma ya dirisha lile la juu, lenye pazia jipya, palikaa mwongoza watalii."

Wakapiga picha. Mzee mmoja alivua kofia kwa heshima, akauliza alifariki lini.

"Bado," alisema Ghislaine, akabisha hodi arudishe sufuria.