Swali la Chui kwa Mbuzi

Mtu akifa mtaani Hewa Bora, sifa zake hukua haraka kuliko alivyokua mwenyewe. Asubuhi ile ya mazishi, Papa Kangwa, fundi wa fotei, yaani viti vya sebuleni, alikuwa ameshakuwa nguzo, taa na chemchemi, na Papa Edouard, msomaji wa hotuba, hata ukurasa wa kwanza alikuwa hajaugeuza.

"Alikuwa mlima," Edouard akasoma kwa Kiswahili chake cha kanisani, mkono mmoja kwenye kipaza sauti, mwingine kifuani. "Mlima tulioegemea. Mlima uliotukinga na upepo. Mlima..."

"Mulima gani Lubumbashi?" Paluku akanong'ona. "Labda ule mweusi, wa takataka ya shaba."

Paluku, muuza unga wa jumla kutoka Butembo, ndiye aliyetoa lori la kubeba jeneza, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunong'ona. Siku nyingine Chanda, aliyekaa pembeni yake, angemrudishia neno kali zaidi. Siku hiyo alitazama viatu vyake tu.

Na hapo ndipo penye tatizo, maana aliyekuwa anangojwa ni Chanda.

Chanda ni mtu wa ukoo wa Chui. Marehemu alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Tangu enzi za babu zao, Chui na Mbuzi ni banungwe: wanataniana bila kukasirikiana, na mmoja akifa, mwenzake anakuja kilioni kumtukana mbele ya watu wote. Mtu akizikwa bila kutaniwa, ndugu zake wanaona haya, kana kwamba aliishi mahali ambapo hakuna aliyemjua. Na mtaani pale Chui aliyebaki alikuwa mmoja tu, huyu kijana wa kutengeneza simu pale kona, aliyemaliza sekondari akatoka na vitu viwili: diploma isiyompa kazi, na majina ya mapambo yote ya lugha. Alikuwa anaweza kukueleza ipi sitiari, ipi chuku, ipi kejeli, huku anabandua kioo cha simu yako.

Kila asubuhi alipita mbele ya lupango ya Kangwa, ua uliozungushwa senyenge. Mzee alikuwa amekaa nje, kwenye fotei ambayo mteja aliikataa.

"We Mbuzi, ungali unapumua?"

"Napumua juu yako, Chui ya meno mubovu. Harufu yako njo inaniamusha."

Salamu nyingine hawakuwa nayo. Siku moja Chanda alipita na homa yake, akasema "jambo, papa" kama mtu mwenye adabu. Jioni mzee alimfuata mpaka nyumbani kuuliza amemkosea nini.

Edouard akamaliza, watu wakampigia makofi ya heshima. Si kwamba hajui kusema. Sauti anayo, na anajua kurudia neno mpaka likukae kifuani. Ila familia ilimwomba jana yake tu, na yeye marehemu alikuwa akimwona kanisani tu, kwa nyuma, kisogo. Humo ndani ya hotuba mlikuwa na kila kitu, isipokuwa Kangwa.

Mama Germaine, mjane, alikuwa amekaa mkekani kando ya jeneza. Tangu hospitali mpaka sasa hakuwa ametoa chozi, na wanawake waliomzunguka walianza kumtazama kwa wasiwasi. Akamwita Chanda kwa kidole.

"Mutoto ya Chui, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ule muntu banasifu, mi simujue. Nakaa hapa pembeni yake kama niko nachunga mugeni." Akakaza kitenge kiunoni. "Lori iko tayari. Kabla bamutoe hapa, uniletee bwana yangu."

"Mama, leo mudomo imekauka."

"Ile yako? Hata fundi wa robine za maji angeshindwa kuifunga. Simama."

Akasimama. Watu wakageuza viti.

"Hii Mbuzi inanuka," akaanza.

Wakacheka kidogo, kwa kumsaidia.

"Hii Mbuzi ilikula nguo ya majirani yote."

Safari hii aliyecheka ni mmoja, tena alikuwa ametoka Kasungami, hakumjua mtu. Chanda alisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyoanguka. Kulikuwa na mbuzi gani asiyenuka? Maneno yale ungeweza kumwambia Mbuzi yeyote aliyekufa, kama vile mlima wa Edouard ungetosha jeneza lolote. Kumbe hata matusi yana maua yake ya plastiki.

Edouard, mgeni wa desturi hii, alikuwa ameinuka, uso umekunjamana. "Kijana, tuheshimu marehemu."

Paluku akamvuta koti. "Keti, papa. Mimi pia, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilitaka kupigana. Yee iko munungwe. Akinyamaza njo anamudharau."

Edouard akakaa, lakini ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka tena.

Chanda aliangalia huku na huku atafute pa kushika, akaiona ile fotei. Ilikuwa imeletwa pamoja na viti vingine, lakini hakuna aliyeikalia, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Akaenda akaikalia. Akaruka juu mara moja, mkono nyuma.

Lupango nzima ikacheka, na sasa hawakuwa wanamsaidia mtu.

"Bantu ya Hewa Bora," akasema, "nani hapa hii chuma haikumuchoma? Mulikuwa munazani ni kosa. Hapana. Mbuzi alikuwa anaiweka kwa akili: ukikaa mingi kwake, fotei inakuambia, rudia kwako."

"Ni kweli," mtu akaitikia nyuma.

"Papa Edouard ametupa mulima, mulima, mulima. Ni muzuri, mi pia nataka kujaribu." Akamwinamia Edouard kidogo, na Edouard, bila kujua afanye nini, akainama pia. "Nani sasa atapima mbao na mikono, na mikono yenyewe hailingane? Nani atatuuzia fotei yenye kuinama upande moja, kama iko inasikiliza siri ya jirani? Nani ataimba kanisani mpaka kanisa ya ng'ambo bafunge madirisha? Nani atatoka mbio kwenye mvua kufunika mbao, na bibi yake abakie anafunika sufuria ya bukari?"

Mama Germaine alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Chanda hakuweza kujua ni kicheko au ni kile kingine. Akaligeukia jeneza, na mdomo ukaenda wenyewe, kama kila asubuhi:

"We Mbuzi, leo umevaa koti. Unaenda wapi bila kuniambia?"

Akasubiri.

Alikuwa ameinamisha kichwa upande, tabasamu tayari, kama mtu anayeacha nafasi ya jibu. Shuleni walimfundisha kwamba kuna swali la balagha, swali ambalo anayeuliza hangoji kujibiwa. Alilijua vizuri, mwalimu alimsifu. Lakini kwa Kangwa hakuwahi kuliuliza hata mara moja. Maswali yote aliyomtupia juu ya ile senyenge yalikuwa yanangoja, na yote yalirudi, tena na meno. Sasa injini ya lori ilikuwa ikinguruma polepole barabarani, na yeye amesimama na tabasamu asilojua pa kuliweka.

Sauti ikatoka mkekani, nzito, ya puani kidogo, sauti ya Kangwa kabisa.

"Naenda kukukamatia nafasi, Chui ya meno mubovu."

Watu wakageuka. Mama Germaine alikuwa anamtazama Chanda moja kwa moja.

"Lakini usikuje mbio," akaongeza, kwa sauti yake mwenyewe sasa, na hapo akaanza kulia. Wanawake wakamkumbatia, na yeye akawa analia na kucheka pamoja, akisema njo yeye, ndiye bwana yake kabisa.

Chanda akaenda kushika jeneza mbele, mahali pa munungwe. Paluku akashika upande wa pili. Edouard alikunja karatasi zake, akazitia mfukoni, akashika nyuma.

Wakainua.

"Iko nzito," Paluku akasema.

"Ni matusi yangu," Chanda akajibu, macho mbele. "Ameenda nayo yote."