Minyoo Wasio na Kichwa

Hakuna aliyempa Bwana Fasili jina hilo kwa ubaya. Ni kwamba mtu huyo, ukimwambia chai imepoa, atataka kwanza mkubaliane kupoa ni nini. Ndiyo maana watafiti wa minyoo bapa walimchagua aongoze kamati yao ya msamiati. Kila maabara ilikuwa na majina yake ya viungo vya mnyoo, na data zao zilikuwa hazisikilizani kabisa. Sasa kiungo kimoja kingekuwa na jina moja na fasili moja, na data isiyolingana na fasili isingeingia kwenye ghala la pamoja.

Aliyekuwa roho juu asubuhi hiyo ni Mama Pacha, mke wa mdogo wake Bwana Fasili. Yeye alitafiti minyoo wa mapangoni, weupe, wasio na jicho hata la dawa. Ujana wake wote aliumalizia hapo, akichunguza jinsi wanavyoota kichwa kipya wakikatwa. Na shemeji yake alikuwa ameandika: kichwa ni sehemu ya mbele ya mnyoo, yenye macho. Alipoingiza data zake kwa majaribio, kompyuta ilizirudisha zote. Minyoo wake hawakuwa na kichwa. Fasili ikipitishwa leo, kazi yake yote ingebaki kabatini, na hakuna mtafiti ambaye angejua ilikuwepo.

Alikwisha kumweleza shemeji kwa barua pepe. Majibu yalikuja marefu, yenye heshima tele, na hayakubadilisha kitu. Basi akaingia kikaoni na kisahani cha maji chenye mnyoo wake mmoja, akakiweka chini ya hadubini, akadondosha kipande cha ini ukingoni.

“Shemeji, hebu niangalizie huyu,” alisema kwa upole uliozidi kiasi. “Huenda ni mimi tu sioni vizuri.”

Wajumbe wakainamia karatasi zao kuficha meno. Bwana Fasili akavua miwani, akainama.

Mnyoo alikuwa ametulia tuli. Kisha harufu ya ini ikamfikia.

“Ameinua kichwa,” akasema Bwana Fasili. “Anakipeleka huku na huku. Sasa anageuka...”

Chumba kizima kilimsikia akisema kichwa. Mama Pacha angeweza kumtania kwa maneno hayo kwenye kila shughuli ya ukoo mpaka pacha wazeeke, na tayari alikuwa na neno la utani kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

“Umekitambuaje?” akauliza.

“Kinatangulia,” alijibu taratibu, bado ameinama. “Tena kinanusa. Humo ndani lazima kuna ubongo.”

Akamwambia katibu afute macho, aandike ubongo. Mikono ikanyooshwa, fasili ikapita, na wajumbe wakatoka kwenda kula huku wakicheka chinichini. Bwana Fasili hakuinuka. Mnyoo alikwisha kupanda juu ya ini, akatoa mrija wake tumboni na kuanza kula.

“Huko gizani wanaishije hawa?” akauliza. “Nieleze, shemeji. Tangu mwanzo.”

Tangu Mama Pacha aolewe katika ukoo ule, shemeji alikuwa akimuuliza habari za watoto na za paa linalovuja. Minyoo, hata siku moja. Mama Pacha alihisi furaha iliyomtia aibu. Akavuta kiti karibu naye, akaanzia pangoni.