Nzuri ya Mama Bonifasia

Mama alikuwa amepiga magoti juu ya kifusi, anageuza matofali mojamoja na kupitisha dole gumba juu ya kila moja. Mvua ilikuwa imemlowesha hadi khanga ikamganda mgongoni. Nilipomwambia twende nyumbani, hakuinua hata uso.

"Theodosia, bado sijaliona langu."

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, kati ya Lituhi na Mbamba Bay, na kanisa lake lilijengwa zamani za Mjerumani. Wasichana ndio waliofyatua matofali, mama yangu, Bonifasia, akiwa mmoja wao, na kila msichana alibonyeza dole gumba kwenye tofali lake la mwisho kabla halijaingia tanuruni. Ufukwe wetu wote haukuwa na jengo la kale kuliko lile. Tao la altare lilikuwa refu kiasi kwamba abiria wa meli walishuka kuja kulitazama, nasi tulijivuna kana kwamba tumelijenga sisi.

Tetemeko lilitukuta shambani tukipalilia mihogo. Tuliporudi mbio, ukuta wa mbele ulikuwa wima bila hata mkwaruzo, lakini nyuma ya altare palikuwa na ufa unaomeza mkono mzima. Padre alikaa misheni ya mbali na alikuja kwetu kwa nadra. Tukatuma mtu bomani Songea, na serikali ya Mwingereza ikamleta bwana mmoja wa majengo, na boti iliyojaa mbao za kuegemeza kuta zilizopasuka. Mbao hizo nilizigusa kwa mkono wangu huu.

Bwana yule hakuvuka mchanga. Alisimama karibu na boti, akautazama ukuta wa mbele, akamnong'oneza karani wake, Kilian, kijana wa Songea. Kilian akamgeukia mama. Tulikuwa tumemchagua atusemee, kwa kuwa kati ya wale wasichana wa matofali ni yeye tu aliyekuwa amebaki kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bwana anauliza, habari za kanisa?"

"Nzuri," mama akasema, akavuta pumzi ili aendelee.

Nani kati yetu hajibu hivyo? Hata maiti akiwa ndani hajaoshwa, ukiulizwa habari utasema nzuri kwanza, ndipo useme ila. Habari yenyewe iko kwenye ila. Lakini Kilian alikwisha kumgeukia bwana wake na Kiingereza chake, bwana akatabasamu, akagusa kofia, boti ikasukumwa majini. Mama aliifuata mpaka maji yakamfika magotini.

"Ila, bwana!" aliita. "Ila!"

Wakampungia mkono.

Zile mbao zilikwenda Mbamba Bay, zikajengea baraza la nyumba ya wageni wa serikali. Baraza! Ukuta wetu unakosa gogo la kuuegemeza, wao wanapata pa kunywea chai. Masika yalipoingia, ukuta wa altare ukalala na tao lake lote.

Nilikwenda huko Mbamba Bay. Nilimkuta Kilian amekaa barazani, juu ya mbao zetu.

"Mlisema wenyewe nzuri," akaniambia.

"Bwana karani, kwenu mkifiwa, mnajibuje habari?"

Akatazama ziwa. "Bwana alikuwa na haraka. Hakuuliza la pili."

"Na wewe ulikuwa na haraka gani?"

Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Na tetemeko sina ugomvi. Tetemeko halikujua Kiswahili, Kilian alikijua.

Mama hakuliona tofali lake. Tangu hapo, yeye aliyekuwa na adabu kuliko wanawake wote wa ufukweni, akageuka. Ukimuuliza habari za asubuhi, anaanza na baya: "Mbuzi amekufa. Mengine nzuri." Watoto walimcheka kisimani, na wakwe zangu walinong'ona kwamba uzee umeila heshima yake. Aliwasikia, wala hakubadilika.

Miaka ikapita, akaugua. Padre mgeni alikuja kumpaka mafuta matakatifu, akainama kitandani, akamshika mkono kwa upole.

"Habari, mama Bonifasia?"

"Ninakufa, Padre," mama akasema. "Mengine nzuri."