Maswali Kwanza, Jembe Baadaye

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Ndiyo maana niliposikia Mwalimu Ezron amewagawia watoto majembe asubuhi ya kwanza tu, nilitoka ofisini nawaka.

Nilikuwa nimekuja Iyula kuwafundisha walimu namna ya kumfanya mtoto ajifunze huku akiihudumia jamii yake. Tulichagua tatizo la chemchemi ya kijiji. Msimu wa kahawa watu humenya na kuosha kahawa pembeni yake, maji machafu yanaingia humo humo, na watoto wanaharisha. Darasa la sita wangechimba mashimo ya kupokea uchafu ule, na katika kazi hiyo wangejifunza hesabu na sayansi. Jambo jema, au siyo?

Basi Ezron, kijana mwenye moyo safi na haraka nyingi, akawapanga mstari, akawapa majembe. Enesi, binti wa Mzee Lusubilo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumekosa nini?"

Katika shule zetu jembe ni adhabu. Umechelewa, jembe. Umepiga kelele, jembe. Siku ambayo hakuna aliyekosa, jembe ni la shamba la mwalimu. Watoto walichimba wamenuna, na jioni kila nyumba ilijua. Kesho yake Mzee Lusubilo, mwenyekiti wa kamati ya shule, akanijia. Alisema yeye alimaliza shule kwa kulima mahindi ya mwalimu, akatoka hajui hata kugawanya, na binti yake hatapita njia hiyo. Jumamosi wazazi wangekutana. Wakikataa, mimi na semina yangu tufungashe virago.

Iliniuma, maana alisema kweli. Ezron aliomba radhi mpaka nikachoka kumsikiliza. Nikamwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na majembe tuyafungie stoo.

"Kesho nenda na maswali," nilimwambia. "Jembe litakuja lenyewe."

Akaenda na maswali. Watoto wakawauliza mama zao maji huanza kunuka lini. Wakayachota kwenye chupa, mengine juu ya pale wanapooshea, mengine chini yake. Wakapima mteremko kwa kamba. Wakabishana shimo liwe kubwa kiasi gani lisije likafurika, na Ezron, Mungu ambariki, akafunga mdomo akawaacha wazidishe na kugawanya wenyewe. Enesi ndiye aliyegundua kwamba mashimo ya siku ile ya kwanza yalikuwa upande wa juu wa chemchemi, kwa hiyo uchafu wote ungeshukia chemchemini. Hee! Mimi nyuma kule nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha.

Jumamosi wazazi walikuja wamekunja nyuso. Hotuba yangu niliiacha mkobani, nikamwachia Enesi. Akawaamkia wakubwa, akainua chupa mbili, akaeleza. Halafu akasema, kwa adabu lakini bila kutetemeka, kwamba mashine ya kumenyea kahawa iliyo karibu kuliko zote na chemchemi ni ya nyumbani kwao.

Watu wakamgeukia Mzee Lusubilo. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu.

Mzee Lusubilo akaiomba chupa, akainusa, akakunja pua. Akauliza ukubwa wa shimo umepatikanaje. Enesi akagawanya ubaoni polepole, na baba yake akafuata kila tarakimu kwa kidole hewani.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akainuka, akatoka bila kuaga. Ezron akaniangalia kama mtu aliyefiwa.

Tulikuwa bado tumeduwaa alipotokea tena uwanjani, jembe la nyumbani kwake begani. Wazazi walipoliona, wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kuchukua ya kwao. Nilisikia machozi yananitoka, nikayaacha.

Mzee akamwendea binti yake.

"Haya mwanangu, nichimbe wapi?"

"Subiri kwanza, baba," Enesi akamjibu, akampa ncha ya kamba. "Shika hapa, tupime."

Na mwenyekiti wa kamati ya shule akaliweka jembe chini, akaishika kamba.