Sakafu ya Chumba Namba Mbili

Kila Jumatatu asubuhi mhudumu wa mahakama alianza kazi kwa kurudisha mabenchi ya chumba namba mbili kwenye mistari. Jumapili huwa baraza la wazee limekaa humo, na wazee hukaa duara; hakimu hukaa mbele, juu, na wengine wote humtazama yeye. Serikali ilijenga mahakama juu ya uwanja wa baraza, na kwa kuwa wazee hawakugomba sana, waliachiwa chumba hicho siku ambayo serikali imelala. Sheria mbili zilipokezana mabenchi miaka nenda miaka rudi bila kukwaruzana.

Jumatatu moja mhudumu alipiga deki kwa uangalifu karibu na dirisha, maana sakafu ya pale ilikuwa inaongea.

"Nilimgonga mimi," ilisema, kwa sauti ya dereva wa lori la mchanga. "Nilikuwa naendesha mbio, nikamgonga."

Hilo halikuwa jambo geni. Neno lililosemwa mbele ya baraza hubaki sakafuni mpaka litimizwe, halafu sakafu hulimeza. Uwanja ulikuwa hivyo tangu zamani, na saruji ya mkandarasi haikuubadilisha tabia. Wezi wa kuku na waume wepesi wa ngumi waliwahi kusikika pale, wakanyamaza mmoja mmoja kadiri walivyotengeneza walichoharibu. Kilichomtia mhudumu wasiwasi ni kwamba sauti hii majuzi tu ilikuwa imefifia, karibu kwisha. Sasa ilikuwa imerudi na nguvu mpya.

Aliyegongwa alikuwa binti wa Mama Pasi. Mama huyo aliishi kwa kupiga pasi nguo za watu, pasi ya mkaa, na kwa kuwa nyonga yake ilikuwa mbovu, binti ndiye alikuwa miguu yake. Aligongwa kwenye kona iliyo chini ya mahakama, akiwa na furushi la mashati ya wateja kichwani. Baraza liliamua dereva ayabebe mafurushi badala ya marehemu, na amwamkie mama huyo kila asubuhi kama mtoto wa nyumba, mpaka mama mwenyewe aseme basi. Mama hawakumuuliza kama anataka kuamkiwa na mtu huyo. Wazee nao wana yao.

Mwanzoni Mama Pasi alimchukia dereva, na alikuwa na kila sababu. Lakini dereva alikuja. "Shikamoo, mama," alisema mlangoni, macho chini, akachukua furushi akaondoka. Siku moja aliuliza kama nyonga imemwacha alale, swali alilokuwa akiuliza binti, na Mama Pasi akalia mbele yake bila kujificha. Kesho yake alimwekea kiti.

Polisi nao walikuwa na jalada lao, wakamfikisha mahakamani. Tajiri wa lori alimtafutia wakili, na wakili akamwonya asionekane tena kwa yule mama, maana kubeba mafurushi ni sawa na kukiri. Dereva alikuwa na watoto, na usukani haukuwa wake. Hakuja tena.

Siku ya kesi Mama Pasi alikaa benchi la mbele. Hakutaka dereva afungwe. Alitaka arudi mlangoni.

"Unakubali shitaka?" hakimu aliuliza.

"Si kweli, mheshimiwa," dereva alisema.

"Nilimgonga mimi," ilisema sakafu.

Midomo ya dereva ilicheza pamoja na maneno hayo. Aliifunika kwa kiganja.

Wakili alisimama bila haraka. "Mheshimiwa, naomba sauti hiyo isizingatiwe. Haikula kiapo, na hatuna namna ya kuihoji."

"Ni yake," alisema Mama Pasi.

"Utapewa nafasi, mama," hakimu alisema kwa upole. Hakupewa, kwa sababu hakuiona ajali, na aliyeiona alikuwa kaburini.

Hakimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alifungua vitabu vyake akakuta kwamba maneno ambayo mtu ameyasema barazani ili apatane na wenzake hayawezi kumtia hatiani. Ni kanuni nzuri, iliyowekwa kuwalinda wanyonge. Kisha akaagiza zulia. Lilitandikwa, na sauti ikaendelea chini yake kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa, ikabidi shahidi wa trafiki apaze yake.

"Mshtakiwa hana hatia," hakimu alisoma mwishoni. "Aende zake."

"Na mafurushi yangu?" Mama Pasi aliuliza.

"Hayo ni ya baraza, mama."

Jumapili aliwafuata wazee. Walimsikiliza, wakatazamana.

"Serikali imeshamwachia," alisema mkubwa wao. "Tukimwita sisi, tutakamatwa sisi." Alisema kwa huzuni ya kweli, kisha wakaendelea na kesi ya mbuzi.

Jumatatu mhudumu alirudisha mabenchi kwenye mistari.

"Nilimgonga mimi," ilisema sakafu ya dirishani.

"Mshtakiwa hana hatia," ilijibu sakafu ya mbele, kwa sauti ya hakimu.

Hakimu alipofika alisimama akajisikiliza kidogo. Akaomba meza yake isogezwe upande wa pili.

Mama Pasi, akiwa njiani na nguo za wateja, alipita kupumzika kwenye benchi, furushi mapajani. Alisikiliza sauti zikipokezana.

"La hakimu nalo limebaki?" alimuuliza mhudumu.

"Limebaki, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka litimie."

Alijitwisha furushi, akashika ukuta, akashuka ngazi moja baada ya nyingine.

Mhudumu alifungua dirisha ili zulia lililolowa maji ya deki likauke. Chini, kwenye kona, Mama Pasi alikuwa amefika ukingoni mwa barabara, anasubiri kuvuka. Lori la mchanga lilisikika likiteremka mlima, kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Sakafu ilisema la kwanza, kisha la pili. Karani akaita kesi inayofuata, na mhudumu akafunga dirisha ili watu wasikilizane.